Kipimajoto Kinapokataa Kupanda: Utatuzi wa Matatizo katika Majaribio ya Hali za Maada

Majaribio ya kuyeyusha, kugandisha na kuchemsha huhesabiwa kuwa mepesi kuliko mengine yote katika somo la sayansi, na pengine ndiyo sababu yanapokwenda kombo mwanafunzi hukimbilia kurekebisha tarakimu zake zifanane na za kitabuni. Tabia hiyo inasikitisha, kwa sababu kipimo kinachotofautiana na kitabu mara nyingi ni kipimo sahihi cha jambo jingine ambalo mpimaji hakujua kwamba analipima. Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana mezani, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo chake.

Dalili nyingi zitakazotajwa hapa zina asili katika moja ya mambo matatu: mahali ilipokaa balbu ya kipimajoto, usafi wa dutu inayopimwa, na mgandamizo wa hewa iliyo juu ya dutu hiyo. Kabla ya kuyagusa hayo, ipo dalili moja ambayo si hitilafu hata kidogo, ingawa ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote.

Moto unawaka, lakini kipimajoto hakipandi

Barafu iliyosagwa imewekwa kwenye bika, yaani chombo cha kioo cha maabara, moto mdogo uko chini yake, dakika zinapita, na kipimajoto kimeng'ang'ania 0°C. Baadaye maji yanapoanza kuchemka hali inajirudia: moto uleule, lakini kipimajoto kinasimama karibu na 100°C na hakisogei tena. Wengi hudhani kipimajoto kimeharibika au moto umepungua nguvu.

Chanzo ni kwamba kipimajoto hakipimi joto linaloingia; kinapima halijoto, inayotegemea nishati ya wastani ya mwendo wa chembe za dutu. Dutu inapobadili hali, joto linaloingia halitumiki kuzichangamsha chembe bali kuzitenganisha kutoka katika mvutano unaozishikanisha. Joto hilo huitwa joto fiche, na mwanasayansi Joseph Black alilieleza huko Glasgow, Uskoti, karibu na mwaka 1761, alipotambua kwamba barafu hupokea joto jingi sana huku ikiyeyuka bila kupanda hata nyuzi moja.

Viwango vyenyewe vinastahili kukaa kichwani. Gramu moja ya barafu iliyofika 0°C huhitaji jouli 334 ili iyeyuke. Gramu hiyohiyo ikiwa maji huhitaji jouli 418 hivi kupanda kutoka 0°C hadi 100°C, na kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji takriban jouli 2,260. Kwa hiyo, kama chanzo cha joto kisichobadilika, na kisichopoteza joto kando, kimetumia dakika 10 kuyapandisha maji kutoka 0°C hadi 100°C, kitahitaji dakika 8 hivi kuyeyusha barafu ya uzito huohuo na dakika 54 hivi kuyamaliza maji yote kwa kuchemka. Mwanafunzi anayeona sehemu bapa ya kuchemka kwenye grafu yake ya halijoto na muda inakaribia mwisho wa karatasi bila kuisha hajakosea chochote. Ni karatasi tu iliyokuwa fupi.

Ili kutofautisha hali hii na kipimajoto kibovu, endelea kupasha joto hadi barafu yote iishe. Kipimajoto kizima kitaanza kupanda mara tu kipande cha mwisho kinapoyeyuka. Kisipopanda, kiangalie kwa karibu: uzi wa spiriti ndani ya mrija huweza kukatika vipande viwili na kuacha pengo dogo katikati, na hapo kila kinachosomwa ni upotoshaji. Kuipoza balbu polepole hadi kimiminika chote kirudi ndani yake kwa kawaida hutosha kuuunganisha uzi.

Barafu bado ipo, lakini kipimajoto kinasoma 3°C au 4°C

Dalili hii ni kinyume cha ile ya kwanza: grafu inapaswa kuwa bapa, lakini inapanda. Anza kwa kuisogeza balbu juu na chini ndani ya bika bila kubadili kitu kingine. Kama kinachosomwa kinabadilika kulingana na kina, tatizo ni kwamba maji hayakukorogwa, na kipimajoto kinaeleza habari za sehemu moja tu ya bika.

Maji yana tabia ya pekee inayolifanya tatizo hili lijitokeze kwa namna ileile kila mara. Uzani wake katika ujazo uleule hufikia kilele kwenye takriban 4°C, si kwenye 0°C. Maji yenye 4°C huzama chini, na yale yanayokaribia 0°C hubaki juu pamoja na barafu inayoelea. Mtu akiiacha balbu karibu na sakafu ya bika lililotulia, atasoma karibu 4°C huku barafu ikionekana waziwazi sentimita chache juu yake. Hilo ndilo linalofanya uso wa ziwa ugande huku samaki wakiendelea kuishi chini, kwa hiyo hata kosa hili lina funzo lake, mradi mpimaji ajue anachokiona.

Balbu inayogusa kioo cha chini huleta dalili inayofanana, isipokuwa hapo kinachosomwa hupanda haraka zaidi, kwa sababu inapokea joto la moto moja kwa moja. Vilevile vipande vikubwa vya barafu huacha nafasi za hewa katikati. Balbu ikikaa kwenye nafasi hiyo haipimi barafu wala maji. Dawa ni moja: saga barafu iwe chengachenga, ongeza maji safi kidogo ya kujaza mianya, ining'inize balbu katikati kwa stendi, na ukoroge mfululizo.

Kama baada ya hayo yote kipimajoto kinasoma 1°C au zaidi bila kubadilika, basi kosa ni la kipimajoto chenyewe, na umepata njia ya kulisahihisha: andika tofauti hiyo pembeni na uitoe katika vipimo vinavyofuata vilivyo karibu na sifuri. Na kama kinasoma chini ya sifuri ilhali maji bado ni kimiminika, shuku chumvi. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji, na mchanganyiko wa barafu na chumvi ya mezani unaweza kushuka hadi karibu −21°C. Bika lililotumika kwa jaribio la chumvi na kusuuzwa mara moja tu linatosha kuharibu kipimo.

Maji yanachemka kabla ya kufika 100°C

Kwanza hakikisha kwamba yanachemka kweli. Mapovu madogo yanayojitokeza kwenye kuta za chombo kati ya 50°C na 70°C si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, ambayo hutoka kwa kuwa maji ya moto huishika hewa kidogo kuliko maji baridi. Kuchemka kwa kweli hutambulika kwa mapovu makubwa yanayozaliwa chini, yanayopanda hadi juu bila kunywea njiani, na kupasuka usoni.

Ikiwa maji yanachemka kweli kwenye 95°C, angalia mwinuko wa mahali ulipo kabla ya kukilaumu kipimajoto. Kimiminika huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa unaokilemea. Tarakimu ya 100°C ni ya mgandamizo wa kilopaskali 101.3, ambao ni wa kawaida kwenye usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka cha maji hushuka kwa takriban 1°C; kwenye mita 1,500 ni karibu 95°C, kwenye mita 3,000 ni karibu 90°C, na juu ya kilele cha Everest ni karibu 70°C. Anders Celsius, mwanasayansi wa Uswidi aliyependekeza kipimo chake cha halijoto mwaka 1742, alilijua jambo hili na akaeleza kwamba alama ya kuchemka inapaswa kuwekwa kwa kuzingatia mgandamizo wa hewa. Kitabu kinachoandika 100°C bila kutaja mgandamizo kimemnyima msomaji nusu ya habari.

Kipimo cha chini kuliko mwinuko unavyoeleza huwa na sababu za kawaida zaidi: balbu haikuzama yote, au uzi wa kipimajoto ulipaswa kuzamishwa zaidi kuliko ulivyozamishwa. Baadhi ya vipimajoto vina mstari uliochorwa kuonyesha kina cha kuzamisha, na mstari huo haukuwekwa kwa urembo.

Maji yanachemka juu ya 100°C, au yanatulia kisha yanaruka ghafla

Dutu iliyoyeyushwa ndani ya maji hupandisha kiwango cha kuchemka, ila kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani: gramu 58 za chumvi ya mezani katika kilo moja ya maji hukipandisha kwa takriban 1°C tu. Kwa hiyo 106°C haiwezi kuelezwa kwa chumvi kidogo iliyobaki kwenye bika. Hapo ni balbu inayogusa sakafu, au maji yaliyopitiliza, yaani yaliyopita kiwango chake cha kuchemka bila kuchemka. Njia nzuri ya kuyatenganisha mambo haya ni kuinua balbu ikae ndani ya mvuke, juu kidogo ya uso wa maji. Balbu itavikwa utando mwembamba wa maji safi yaliyotokana na mvuke kupoa juu yake na kuwa kimiminika, na itasoma kiwango cha kuchemka cha maji safi hata kama yaliyo chini ni maji ya chumvi.

Kupitiliza ni jambo la hatari, na linahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Povu la mvuke haliwezi kuanza kwa urahisi katikati ya kimiminika. Linahitaji ufa mdogo, mkwaruzo au punje ya hewa ya kuanzia. Katika chombo kipya cha kioo laini maji huweza kupita kiwango chake cha kuchemka bila dalili yoyote, yakiwa yametulia kabisa, kisha mtikisiko mdogo ukayafanya yachemke yote kwa pamoja na kuruka nje ya chombo. Maji yaliyopashwa kwenye maikrowevu ndani ya chombo laini yamewaunguza watu kwa njia hiyohiyo. Tia vipande vidogo vya kauri isiyong'arishwa ndani ya kimiminika kabla ya kuanza kupasha joto. Usivitie kamwe kikiwa tayari cha moto, kwa sababu vyenyewe ndivyo vitakavyoanzisha mlipuko. Kiache kipoe kwanza.

Kimiminika kinapita kiwango cha kuganda bila kuganda

Kwenye grafu ya kupoza, dalili hii huonekana kama shimo: mstari unashuka chini ya kiwango cha kuganda, kisha unapanda ghafla, halafu unakuwa bapa. Wapo wanaolifuta shimo hilo kwa kudhani walisoma vibaya. Lisifutwe. Fuwele, kama lilivyo povu la mvuke, huhitaji mahali pa kuanzia, na kimiminika kisafi kisichotikiswa huweza kupoa sana kabla ya fuwele ya kwanza kuzaliwa. Matone madogo ya maji safi kabisa yanaweza kubaki kimiminika hadi karibu −38°C, na mawinguni hali hii ni ya kawaida.

Atakayetaka kuliona jambo hili kwa macho atumie sodiamu asetati yenye maji ndani ya fuwele zake, ambayo huyeyuka kwenye 58°C. Iyeyushwe yote ndani ya neli safi ya majaribio, ifunikwe kwa kipande cha pamba, na iachwe ipoe taratibu hadi halijoto ya chumba. Itabaki kimiminika angavu. Ukidondosha punje moja tu ya fuwele yake, sindano nyeupe zitachipuka kutoka kwenye punje hiyo na kuenea pande zote mbele ya macho yako, kimiminika kitakuwa kigumu kwa muda mfupi sana, na neli itapata joto mkononi. Hilo ni lile joto fiche lililoingia wakati wa kuyeyuka, sasa linarudi, na kipimajoto kitapanda kuelekea 58°C ingawa hakuna moto uliowashwa. Kwa hiyo katika kusoma grafu yenye shimo, kiwango cha kuganda ni kile cha sehemu bapa inayofuata baada ya kupanda, wala si chini ya shimo.

Hakuna sehemu bapa kabisa

Mstari wa grafu unalala kidogo lakini haunyooki. Dutu inaanza kulainika kwenye halijoto moja na kumaliza kuyeyuka nyuzi kadhaa juu zaidi. Dutu safi yenye fuwele kwa kawaida huyeyuka yote ndani ya 1°C au chini ya hapo. Ikichanganyika na dutu nyingine mambo mawili hutokea kwa pamoja: kiwango cha kuyeyuka hushuka, na masafa ya kuyeyuka hupanuka. Asidi ya stearini, yabisi jeupe linalofanana na nta, ikiwa safi huyeyuka karibu na 69°C, lakini ile inayouzwa kwa matumizi ya kawaida mara nyingi huwa na asidi ya palmiti, inayoyeyuka karibu na 63°C, hivyo mwanafunzi hupata tarakimu iliyo chini ya ile ya kitabuni na grafu iliyoinama. Nta ya mishumaa ni mchanganyiko wa molekuli za urefu mbalimbali, kwa hiyo haiwezi kutoa sehemu bapa iliyonyooka hata jaribio likifanywa kwa ustadi wa hali ya juu.

Wanakemia wameigeuza kasoro hii kuwa chombo cha kazi. Anayeshuku kwamba unga alionao ni dutu fulani huuchanganya na sampuli iliyothibitishwa ya dutu hiyo na kuyeyusha mchanganyiko. Kiwango cha kuyeyuka kisiposhuka, hizo ni dutu moja. Kwangu hii ni miongoni mwa mbinu nzuri kuliko zote za maabara, kwa kuwa inahitaji kipimajoto na uvumilivu tu. Uvumilivu ni muhimu kweli: ukipasha joto haraka, kipimajoto hubaki nyuma ya dutu na masafa huonekana mapana kuliko yalivyo. Karibu na kiwango kinachotarajiwa, panda kwa 1°C au 2°C kwa dakika, si zaidi.

Yapo pia mayabisi yasiyo na fuwele, ambayo chembe zake zimetulia bila mpangilio. Kioo ni mojawapo. Hayana kiwango cha kuyeyuka, hulainika polepole. Lami ngumu huvunjika kwa nyundo kama jiwe, lakini katika Chuo Kikuu cha Queensland, nchini Australia, lami iliyowekwa kwenye faneli kwa jaribio lililoanza mwaka 1927 imekuwa ikidondoka, na hadi mwaka 2014 ilikuwa imetoa matone tisa tu. Dutu ya namna hiyo ukiiweka kwenye jaribio la sehemu bapa, utatafuta kisichokuwapo.

Yabisi linatoweka bila kuacha kimiminika

Kaboni dioksidi iliyogandishwa hugeuka gesi moja kwa moja kwenye −78.5°C. Si kwamba haina hali ya kimiminika. Hali hiyo huhitaji mgandamizo wa zaidi ya mara tano ya ule wa hewa ya kawaida. Katika bika lililo wazi haitaonekana kamwe, na ukiifungia ndani ya chombo ili uione, chombo kisichotengenezwa kwa kazi hiyo kitapasuka.

Iodini ni suala tofauti. Vitabu vingi vya shule husema kwamba haiyeyuki bali hugeuka gesi, ilhali huyeyuka karibu na 114°C. Hutoa mvuke mwingi wa zambarau kabla ya kufika hapo, hivyo ikipashwa taratibu kwenye chombo kilicho wazi huisha kabla ya kuyeyuka; ikipashwa haraka, kimiminika cheusi huonekana chini ya neli. Mwanafunzi aliyeandika kwamba alikiona kimiminika hicho apewe alama zake zote. Jaribio hili lifanyike penye mzunguko mzuri wa hewa, maana mvuke huo ni sumu.

Dutu ikibadilika rangi kuwa nyeusi, ikatoa harufu ya kuungua na isirudie umbo lake inapopoa, hapo hakuna badiliko la hali. Imevunjika kikemia, na hakuna kipimo cha kuyeyuka cha kuandikwa. Sukari ikipashwa joto kupita kiasi hufanya hivyo.

Maji nje ya chombo, na uzito usiolingana

Matone yanayotokea nje ya chombo chenye barafu hayakuvuja. Ni mvuke wa hewani uliogusa ukuta baridi ukawa kimiminika. Tia rangi kwenye maji ya ndani, na matone ya nje yatabaki bila rangi. Kwa kuwa kuyeyuka hakubadili uzito, chombo kilichofunikwa kikionekana kuongezeka uzito baada ya barafu kuyeyuka, chanzo ni matone hayo. Kikaushe kwa kitambaa kabla ya kukiweka kwenye mizani. Kikipungua, kifuniko hakikubana na maji yamevukizwa, jambo linalotokea kwenye halijoto yoyote bila kungoja kuchemka.

Chombo kimepasuka

Dutu nyingi hunywea zinapoganda, lakini maji hutanuka kwa karibu asilimia 9, kwa nguvu ya kutosha kuvunja kioo na kupasua bomba la chuma. Anayegandisha maji kwenye chupa aache wazi angalau sehemu moja ya nane ya ujazo wake na asikaze kifuniko. Kwa upande wa kuchemsha, tahadhari ni kubwa zaidi: gramu moja ya maji, iliyokuwa na ujazo wa sentimita moja ya ujazo, ikiwa mvuke kwenye 100°C na mgandamizo wa kawaida huchukua takriban sentimita za ujazo 1,700. Kizibo chochote kinachowekwa juu ya chombo kinachopashwa joto kiwe na mrija ulio wazi, na mrija huo ukaguliwe kwamba haukuziba kabla ya kuwasha moto.